Need for Speed: tunasifu rangi ya gari, tunasahau motere

Leo siandike juu ya mihogo. Naandika juu ya mchezo ambao wengi wetu tuliucheza kabla hata ya Exetat: Need for Speed. Keti na vijana watano, taja jina hilo, mmoja atasema: "Hakuna kama Most Wanted ya 2005." Bengine banaitika, na mazungumzo yanaishia hapo. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Siku hizi naona jibu hilo ni uvivu, tena uvivu ambao umewasaidia watengenezaji kutuuzia vitu vibaya.

Tukumbuke kwanza ile Most Wanted. Tuko katika mji wa Rockport. Kuna orodha ya madereva 15, na wa kwanza ni Razor, yule mwenye kukunyang'anya BMW M3 GTR yako. Ili upande kwenye orodha, lazima ushinde mbio na pia uwasumbue polisi mpaka hesabu fulani itimie. Ukishinda unapata pesa, na kwa pesa hizo unanunua motere bora. Jasho na malipo vinaonana uso kwa uso. Njo maana tulikuwa tunalipia nusu saa kwenye chumba cha michezo cha mtaani, maneti inapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini tunakimbia.

Lakini tuseme ukweli wote. Mchezo huo huo unadanganya. Ukimwacha mpinzani mbali, anapata mwendo wa ajabu na kukufikia karibu na mwisho. Ukibaki nyuma sana, anapunguza. Unaendesha vizuri dakika nzima, halafu kosa moja dogo linafuta yote. Wapenzi wa mchezo wanalijua hilo, ila ukilisema wanakuona msaliti.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2012 studio ya Criterion ilitoa mchezo mwingine wenye jina lile lile, Most Wanted. Gari karibu zote unazikuta zimeegeshwa mjini: unaingia, unaondoka. Wapenzi walikasirika juu ya jina, eti hii si Most Wanted ya kweli. Swali la maana lilikuwa lingine: gari usiyoitolea jasho, utaipendea nini?

Mwaka 2015 Ghost Games, studio ya Sweden, ikasikia kilio cha wapenzi. Usiku ukarudi, na kupamba gari kukarudi kama enzi za Underground. Batu bakapiga makofi. Lakini chini ya rangi hiyo kulikuwa na sharti: mchezo haufunguki bila intaneti, hata kama unacheza peke yako. Huku kwetu, ambako mega zinahesabiwa moja moja, sharti hilo ni mlango uliofungwa. Na hata mwenye intaneti ya kutosha, mchezo alionunua unategemea mashine za mwingine. Siku zitakapozimwa, atabaki na diski isiyo na kazi.

Halafu ikaja Payback, Novemba 2017. Hadithi yake ni ya madereva watatu wanaopigana na genge liitwalo The House, linalotawala kazino na mji mzima. Sawa. Ila ukitaka kuongeza nguvu ya gari yako, unafanya nini? Baada ya mbio unachagua kadi moja kati ya tatu zilizofunikwa. Kadi usizozitaka unazigeuza kuwa jetoni, na jetoni unazitia kwenye mashine inayozunguka kama ile ya kazino. Kulikuwa pia na masanduku ya bahati ya kununua kwa pesa za kweli. Yaani wanakuhubiria ubaya wa kazino, kumbe karakana yao yenyewe ni kazino!

Mimi nimesomea kilimo, bahati naijua. Mvua inaweza kuchelewa kwa kila mtu. Lakini mvua ikiwa moja, aliyepalilia anavuna kuliko jirani aliyelala. Bahati ndani ya mbio naikubali: polisi anatokea kwenye kona, basi. Bahati ndani ya malipo ndiyo naikataa. Kweli, hata Most Wanted ya 2005 ilikuwa na bahati: ukimshinda mtu wa orodha, unachagua zawadi, nyingine zimefichwa, na pengine unaondoka na gari yake. Ila ile ilikuwa nyongeza. Malipo yako yalikuwa pale pale.

Wachezaji walipiga kelele juu ya zile kadi, na mara moja malipo ya mbio yakaongezwa. Katika Heat ya 2019 kadi zikaondolewa kabisa: mchana unatafuta pesa, usiku unatafuta jina, na polisi wakikukamata, nyongeza uliyoihatarisha inapotea. Kelele hizo zilizaa matunda juu zilielekezwa kwenye motere. Na zile za miaka yote za kudai "turudishieni Most Wanted" zimezaa nini? Jina mwaka 2012, rangi mwaka 2015. Tuliomba ganda, tukapewa ganda.

Mtu ataniambia: licencié mzima anapoteza muda kwa michezo ya watoto. Hapana. Kila siku sisi wenye diploma tunalia kwamba kazi haitolewi kwa jasho, inatolewa kwa bahati na kujuana. Mbona kanuni hiyo hiyo tunaikubali kwenye mchezo, mradi gari inang'aa? Kijana akizoea tangu maneti ya kwanza kwamba malipo ni kadi iliyofunikwa, kesho hatashangaa akiyakuta hivyo ofisini.

Kwa hiyo toleo jipya likitoka, usiulize kwanza kama BMW imo. Uliza kama linacheza bila mega. Uliza kama mpinzani anashindika kwa haki. Uliza kama ukishinda unajua utalipwa nini. Rangi tutaiangalia baadaye.