Mlima Uliofichua Mauaji ya Zelevet

Julai 2018, klipu moja ilianza kuzunguka mitandaoni. Wanajeshi wanawaswaga wanawake wawili kwenye njia ya vumbi. Mmoja ameongozana na binti mdogo, mwenzake amebeba mtoto mgongoni. Wanafungwa vitambaa machoni, kisha wote wanne wanamiminiwa risasi. Kuna waliosema ni Kamerun, kuna waliosema ni Mali. Serikali ya Kamerun yenyewe ikasema ni uzushi.

Wengi hukomea hapo: aliyeamini anasambaza, asiyeamini anafuta. Kitengo cha uchunguzi cha BBC Africa Eye, pamoja na shirika la haki za binadamu la Amnesty International, kundi la wachunguzi wa mtandaoni la Bellingcat na wachambuzi wa kujitegemea, hawakufanya lolote kati ya hayo. Waliachana na maneno ya watu wakaikodolea macho picha yenyewe, na hasa kile ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama: mlima.

Katika sekunde 40 za mwanzo, nyuma ya askari hao, safu ya milima inaonekana waziwazi. Mgongo wa mlima una mabonde na vilele vyake, kama alama ya kidole gumba. Wachunguzi walihangaika kuulinganisha na picha za Google Earth bila mafanikio, hadi mtu wa Kamerun alipowadokeza watafute karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali, jirani na mpaka wa Nigeria. Mistari ikalingana. Kisha miti, nyumba na njia ya miguu vikaonekana kwenye picha za setilaiti, kila kimoja mahali pake. Hoja ya Mali ikafa hapo.

Ikabaki kujua ni lini. Majengo yaliyomo kwenye klipu, yalipolinganishwa na picha za setilaiti za nyakati mbalimbali, yalionyesha kwamba tukio lilikuwa kati ya Novemba 2014 na Februari 2016. Njia ile ya vumbi nayo huonekana kati ya Januari na Aprili tu, majira ya kiangazi. Halafu vivuli. Aliyekulia pwani anajua jinsi wazee walivyopima adhuhuri na alasiri kwa urefu wa kivuli. Hesabu ni ileile. Kwa vile mlima umeshaonyesha dira, kivuli cha askari anayetembea kinaeleza jua lilikuwa upande gani na juu kiasi gani, na kimo hicho hubadilika kadiri mwaka unavyosogea. Jibu likapatikana: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015.

Serikali ilikuwa imedai pia kwamba sare na silaha zile si za askari wake wa eneo hilo. Picha ambazo wanajeshi wenyewe walizibandika Facebook zilionyesha sare za namna hiyohiyo. Mojawapo ya bunduki ilikuwa Zastava M21 ya Serbia, adimu katika ukanda huo, lakini inayotumiwa na baadhi ya vikosi vya Kamerun.

Agosti 2018 serikali iligeuza kauli na kutangaza kwamba askari saba wamekamatwa. Septemba 2020, mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanne kifungo cha miaka 10 na wa tano miaka 2, wawili wakaachiwa. Kama watu wangekubali neno la kwanza, kwamba ni uzushi, wanawake wale na watoto wao wasingehesabiwa hata kuwa wameuawa.