Mrithi Asiyetaka Kiti

Wako wanaosema riwaya za mapenzi ya kifalme hazistahili uhakiki. Sisi hatukubaliani nao. Kinachosomwa na vijana wengi hujenga fikra, na hatuna budi kukichambua.

Tuchukue The Princess Diaries ya Meg Cabot, iliyotoka Marekani mwaka 2000. Mia, msichana wa New York anayeshindwa hesabu shuleni, anaambiwa kwamba baba yake ni mtawala wa Genovia, nchi ya kubuni yenye watu 50,000, kati ya Ufaransa na Italia. Baba ameugua saratani, hawezi kupata mtoto mwingine. Hivyo Mia ndiye mrithi. Mia hataki.

Tunakiri ufundi wa mwandishi. Mia ni mcheshi, mkweli, tena anachukia uonevu. Lakini hapo ndipo penye mtego. Tukishampenda mrithi, tunasahau kukihoji kiti. Suala la utawala linageuzwa kuwa suala la moyo wa mtu mmoja: Je, ataweza? Je, atapendwa? Wale 50,000 wanabaki nyuma ya pazia.

Mwandishi mwenyewe aliuona upungufu huo. Katika vitabu vya mwisho vya mfululizo wa kwanza, Mia anagundua kwamba mtawala wa kale aliwahi kuwaachia wananchi haki ya kuchagua viongozi wao. Anaitangaza habari hiyo, na baba yake anagombea uwaziri mkuu. Hii ni hatua ya mbele, wala hatuibezi. Hata hivyo, haki inatoka kasri kama zawadi. Umma unapokea tu.

Historia inafundisha vingine. Monaco, nchi halisi inayofanana na Genovia, ilitawaliwa bila katiba mpaka wananchi walipoinuka mwaka 1910 kudai mabadiliko. Katiba ikatangazwa mwaka 1911. Mtawala Albert I hakuiokota katika kumbukumbu za mababu. Alishinikizwa na umma.

Hatuwaambii vijana wakitupe kitabu hiki. Wakisome, wacheke, kisha wakijadili katika vikundi vyao vya kujisomea. Wakumbuke jambo moja: kiti cha kurithi hakigeuki kuwa cha haki kwa sababu tu anayekikalia alianza kwa kukikataa.