Fundi Anayeanza kwa Maswali

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

Yule fundi wa Lushoto alikuwa amevuta kigoda na kuketi kando ya pikipiki yangu, Honda XL 125 kuukuu ninayopandia milima ya Usambara. Spana hakuzigusa. Nikamweleza: ikipanda mlima inakosa nguvu, inamisi, kisha inazima. Nikisubiri kidogo, inawaka kama haikuwa na neno.

"Ukijaza tenki, inawahi kuzima au inachelewa?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Mafundi wawili waliotangulia walikwisha kunibadilishia plagi na koili, na kabureta ilifunguliwa mara tatu. Nikakumbuka: tenki likijaa, inazima mapema zaidi. Mzee akaitikia kwa kichwa tu.

Akaipandisha mwenyewe mlimani. Ilipoanza kukatakata akazima hapohapo, akafungua plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe. Masizi meusi yangeonyesha petroli inazidi. Ukahawia ndiyo rangi ya afya. Weupe ule ulisema injini inapata petroli kidogo. Imekwama wapi?

Koki akaiacha wazi, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta na kukinga chupa. Petroli ikatoka kama uzi mwembamba, halafu matone. Mkono wake wa pili ukazungusha kifuniko cha tenki, taratibu mno. Fsss! Hewa ikaingia kwa kasi, na papo hapo petroli ikabubujika chupani.

Kifuniko kina kitundu cha kupumulia. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikizibwa na tope, tenki linaing'ang'ania petroli isishuke. Na tenki lililojaa lina hewa kidogo sana juu, kwa hiyo hukabwa upesi. Alikuwa amekwisha kuuona ugonjwa tangu nilipomjibu, lakini hakuutaja hadi alipouthibitisha kwenye kitundu chenyewe. Uvumilivu huo ndio ninaouheshimu kuliko wepesi wa mikono, maana kubahatisha vipuri humla mwenye chombo.

Akakizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki, akakisuuza kwa petroli, akakipuliza. Nikajaza tenki, nikapanda mlima uleule hadi juu bila kusimama. Kabureta haijafunguliwa tena tangu siku hiyo.