Mbwa Anayejizuia

Nianze na bunduki ili nimalizane nayo. Katika uwindaji wa kware, mpiga shabaha ndiye mwenye kazi nyepesi kuliko wote: anaitwa, anashuka kwenye farasi, anafyatua, anapanda tena. Ufundi wenyewe uko kwa mbwa, kwa aliyemfunza, na kwa yule anayechoma nyasi.

Nazungumzia Red Hills, vilima vilivyo kati ya Thomasville, Georgia, na Tallahassee, Florida. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, matajiri wa kaskazini waliyanunua mashamba ya pamba ya huko, wakayafanya mawindo yao ya kware aitwaye bobwhite, ndege wa gramu 170 hivi. Mengi yangali mali ya watu binafsi, na wapo ambao hadi leo huwinda wakifuatwa na gari la kukokotwa na nyumbu.

Mbwa, pointa au seta, huachiwa wawili wawili. Hukata nyasi kushoto na kulia wakiutafuta upepo. Kware nao wamejibanza chini, kundi zima, kimya. Harufu humpata mbwa katikati ya mbio, naye huganda papo hapo: mkia juu, mguu mmoja pengine unaning'inia, misuli inatetemeka. Damu yake yote inamwambia aruke, na haruki. Mwenzake aliye mbali, ambaye hajanusa chochote, akimwona tu amesimama, naye husimama. Huyu wa pili ndiye anayenishangaza zaidi, maana hana ushahidi wowote ila mwili wa mwenzake. Kusimama mbwa huzaliwa nako. Kubaki amesimama wakati kundi linapaa kwa kishindo na bunduki zinalia, hilo hufunzwa kwa miezi, kwa kamba ndefu na sauti ya chini. Wasasi wa nguruwe kule Pemba, ambao mbwa wao husifiwa kwa kukimbiza, wangedhani huyu karogwa.

Wengi wa waliowafunza mbwa hao na kuendesha magari ya nyumbu walikuwa Waamerika weusi. Sifa zilikwenda kwa wenye mashamba. Mimi ningezigawa vingine.

Na moto je? Wenyeji asilia, kisha wakulima waliowafuatia, walichoma nyasi chini ya misonobari tangu zamani. Maofisa wa misitu wakaja kuhubiri kwamba moto ni adui. Wenye mashamba walipoona kware wanapungua, akaletwa Herbert Stoddard, aliyeanza utafiti mwaka 1924. Katika kitabu chake cha 1931 aliutetea moto: usipopita, vichaka hufunga ardhi, na kifaranga mdogo hana pa kupenya wala pa kudonoa wadudu. Hayo hayakuwafurahisha maofisa. Kituo cha utafiti cha Tall Timbers, kilichoanzishwa mwaka 1958 karibu na Tallahassee, kimeendeleza hoja hiyo hadi ikakubalika.

Msimu wa kuwinda ukiisha, mashamba huchomwa vipande vipande, mara nyingi kila kipande baada ya miaka miwili, na vya jirani huachwa ili ndege wapate maficho. Wachomaji hupima upepo na unyevu kabla ya kuwasha. Upepo ukigeuka, kazi huahirishwa, hata kama mwenye shamba amekwisha kualika wageni waje kutazama.