Barabara Inachongwa, Maji Yanabaki

Kila kiangazi greda hupita vijijini, watu wakasema barabara imechongwa. Masika yakiingia, barabara ile ile inakatika. Lawama huangukia mvua au mkandarasi, lakini tatizo huanza mapema zaidi, kwenye mgao wa fedha na aina ya kazi ambayo fedha hizo hulipia.

Mfuko wa Barabara wa Tanzania hutegemea zaidi tozo ya mafuta. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanza kazi mwaka 2017 na kupokea barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, ilikuta mgao wa asilimia 30, huku asilimia 70 zikienda TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Wakati huo TARURA ilikuwa na takriban kilomita 108,000, TANROADS takriban 36,000. Ukigawanya, kilomita moja ya TANROADS ilipata kama mara 7 ya kilomita moja ya TARURA. Barabara kuu zinabeba malori mazito na lami ina gharama zake, hilo halina ubishi. Hata hivyo mara 7 ni pengo kubwa mno kwa barabara ambazo nyingi ni za udongo na zinadai huduma kila msimu. Nyongeza ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, iliyowekwa katika mwaka wa fedha 2021/22 kwa ajili ya TARURA, ilikuwa hatua ya maana. Lakini mtandao wenyewe nao, baada ya kuhakikiwa upya, umevuka kilomita 144,000.

Fedha zikiwa chache, kinachoonekana haraka ndicho hupewa kipaumbele: kuchonga. Hapo ndipo penye hasara.

Barabara ya udongo huishi kwa mgongo wake. Yenye upana wa mita 5 inatakiwa katikati iinuke kama sentimita 15 juu ya kingo, maji yateremke pande zote mbili, yaingie mtaroni, kisha yachepushwe kwenda mashambani au kwenye kalavati kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Greda likipita peke yake, udongo ukiwa mkavu, bila boza la maji wala mtambo wa kushindilia, huacha vumbi lililosawazishwa tu. Magari hulipeperusha, na lililobaki hugeuka tope siku ya mvua ya kwanza. Baya zaidi, kila mkwanguo huondoa changarawe kidogo na kuishusha barabara. Baada ya miaka kadhaa inakuwa chini ya mashamba yanayopakana nayo, kisha inageuka kuwa njia ya maji. Ikifika hapo, mtaro hausaidii tena. Lazima kifusi kiletwe na tuta liinuliwe upya, kazi ambayo gharama yake haifanani kabisa na ile ya kuzibua mitaro.

Wahandisi wanayatenganisha vizuri matengenezo ya kawaida, ya sehemu korofi na ya muda maalumu. Ya kawaida ndiyo rahisi kuliko yote: kufyeka kingo, kuzibua makalavati, kuondoa mchanga mtaroni, kuziba shimo likiwa bado dogo. Jembe, sururu na koleo vinatosha, na vikundi vya wanakijiji vinaweza kufanya kazi hiyo kwa mkataba. Ndiyo hiyo pia inayorukwa kirahisi, kwa sababu mtaro uliozibuliwa hauzinduliwi na kiongozi yeyote.

Kalenda nayo inaumiza. Mwaka wa fedha huanza Julai, na vuli huanza kunyesha Oktoba. Taratibu za zabuni zikichukua miezi hiyo mitatu, mtaro unaingia msimu wa mvua ukiwa umejaa mchanga.

Kwa hiyo ninawaomba madiwani: taarifa ya barabara ikiletwa barazani, msiridhike na idadi ya kilomita zilizochongwa. Ulizeni maji yanatokea wapi na yanakwenda wapi, na makalavati gani yamezibuliwa. Kisha daini fungu la vikundi vya matengenezo lilipwe kuanzia Julai, kazi ya mitaro iishe kabla ya Oktoba.