Uhakiki wa Filamu: Jiji Linalojicheka Nusu

Wanafunzi wetu wakiombwa mfano wa tashtiti, yaani sanaa ya kulicheka kosa ili lionekane, aghalabu hutaja tamthilia na riwaya zilizomo katika mtaala. Safari hii tunawaelekeza kwenye filamu. L.A. Story ilitoka Februari 1991. Iliandikwa na Steve Martin, ambaye ndiye pia mhusika mkuu, ikaongozwa na Mick Jackson wa Uingereza.

Harris ni mtangazaji wa hali ya hewa katika televisheni ya Los Angeles. Kwa kuwa jua huwaka kila siku, haoni haja ya kusubiri, hivyo anarekodi utabiri wa mwisho wa juma mapema. Mvua inanyesha, naye anapoteza kazi. Mapenzi yake nayo yanayumba, hadi anapokutana na Sara, mwanahabari Mwingereza aliyekuja kuandika habari za jiji hilo. Mshenga wao si shangazi wala rafiki, bali ni ubao wa taa wa barabara kuu, ule unaowaarifu madereva kuhusu msongamano. Ubao huo unamwandikia Harris ushauri na hata kumtegea fumbo.

Kwa upande wa fani, basi, tashihisi ndiyo inayobeba hadithi. Chuku nayo imetumika kwa ustadi. Harris anapanda gari kwenda nyumba iliyo hatua chache tu kutoka kwake. Tetemeko la ardhi linatikisa meza za mkahawa, walaji wanaendelea na maongezi. Kwenye mashine ya kutolea pesa kuna foleni mbili, ya wateja na ya wanyang'anyi, na mnyang'anyi anajitambulisha kwa jina, kwa adabu zote za mhudumu wa hoteli. Kinachochekesha si balaa lenyewe, bali ni kwamba hakuna anayelishangaa. Hilo ni somo zuri kwa mwandishi chipukizi: kejeli hukolea pale mhusika asipojua kwamba anachekesha.

Walimu wa tafsiri watapata kazi pia. Msichana mmoja huandika jina lake SanDeE*, kwa herufi kubwa na ndogo zilizochanganywa na nyota mwishoni. Mzaha huu ni wa jicho, si wa sikio. Mfasiri afanyeje? Kuna pia mchimba kaburi aliyetolewa katika Hamlet. Wasomaji waliomjua Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere (1969) wataona jinsi kazi kongwe inavyoweza kuhamia mji mwingine bila kupoteza uhai.

Hata hivyo, filamu ina kasoro tusiyoweza kuifumbia macho. Los Angeles inayochekwa hapa ni ya wenye magari, mikahawa na muda wa kupoteza. Wafagizi, wapishi na wakazi wa mitaa ya watu weusi karibu hawaonekani. Tarehe 3 Machi 1991, majuma machache baada ya filamu kutoka, polisi wa jiji hilo walimpiga Rodney King, na mkazi mmoja akanasa tukio hilo kwa video. Aprili 1992 mahakama haikuwatia hatiani polisi hao, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Jiji hilo halimo katika filamu.

Wapo watakaosema komedi ya mapenzi haidaiwi siasa. Tunakubali nusu. Hakuna anayemlazimisha msanii kusema yote, lakini anayelicheka jiji zima anadaiwa kuliona jiji zima. Filamu hii inawafinya wenye nacho kwa ncha za vidole tu, kisha inawabembeleza: mwishoni dhoruba inazuia safari ya Sara, wapendanao wanakutana, na jiji linasamehewa.

Pamoja na hayo, itazameni. Kisha kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: ubao wa barabarani katika mji wake ungemwambia nini, na ungemwambia nani asiye na gari?