Kusoma Uso wa Bloku

Mkaguzi hodari wa Corvette za zamani hana haraka na namba. Akishafungua boneti, hufuta grisi taratibu kwenye kipande cha bloku la injini kilichosawazishwa, mbele ya hedi ya upande wa abiria, kisha humulika tochi kwa kuilaza. Anatafuta mistari myembamba, iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, iliyoachwa na mashine ya kiwandani kabla namba yoyote haijagongwa.

Baada ya hapo ndipo husoma. Tuseme ni gari la 1967, na maandishi ni T0215JE. T ni kiwanda cha Tonawanda, jimbo la New York. 0215 ni tarehe 15 Februari, injini ilipounganishwa. JE ni injini ya inchi za ujazo 427, yenye nguvu farasi 435. Kando yake ipo namba iliyotokana na ile ya gari, iliyogongwa St. Louis, Missouri, Corvette zilikoundwa. Bloku lina tarehe yake pia, iliyovimba kama ilivyotoka kalibuni: A 20 7, yaani Januari 20, 1967. Zote sharti zifuatane. Bloku lililosubiwa Machi haliwezi kuzaa injini ya Februari.

Hesabu hiyo hata mlaghai anaiweza. Kwa kuwa injini ya asili hupandisha sana bei ya gari, huskimu uso huo, yaani huuchonga upya kwa mashine, akafuta namba za zamani na kugonga mpya zinazoafikiana. Asichokirudisha kwa urahisi ni ile mistari: mashine nyingi za karakana huacha mikwaruzo ya mviringo. Tena, namba za Tonawanda na za St. Louis ziligongwa na mikono tofauti, mahali tofauti. Zikilingana mno kwa kina na mpangilio, unadhifu wenyewe unatia shaka.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Mistari ikikosekana, mkaguzi hakurupuki kumwita mtu mwizi, maana fundi mwaminifu naye huskimu bloku lililopinda. Hupima kina cha herufi, hulinganisha maumbo yake na ya injini zisizo na shaka, na ushahidi usipotosha huandika kwamba haukutosha, hata kama mwenye gari anasubiri jibu la kumtajirisha.